Ukumbi, Uwanja na Lugha: Juu ya Kugeuza Kumbi Kongwe kuwa Nyumba za Sanaa za Maonyesho

Wahakiki wetu wa tamthilia wamezoea kuanza na kitabu. Huchambua maudhui, wahusika na matumizi ya lugha, kisha hugusia jukwaa katika aya moja ya mwisho, kana kwamba jukwaa ni sinia tu la kupakulia chakula kilichokwisha kupikwa mahali pengine. Makala haya yanakusudia kwenda kinyume na mazoea hayo. Tutaanza na nyumba, na hasa nyumba kuukuu: ukumbi ambao ulijengwa kwa kazi nyingine, ukachakaa, na sasa watu wakataka ugeuzwe kuwa mahali pa ngoma, maigizo, nyimbo na masimulizi ya jamii nzima.

Suala hili si la mji mkuu peke yake tena. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 liliwakabidhi watawala wa kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma, pamoja na majumba ya sinema, maktaba na makumbusho. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, zilirithi pia mali za mabaraza ya miji na ya wilaya yaliyokuwapo kabla yao. Kwa hiyo mtu anayeuliza leo kuhusu ukumbi wa umma katika Kitengela, Kajiado au Namanga hana haja ya kumwendea waziri Nairobi. Jibu liko karibu naye zaidi. Nimeichagua Namanga iwe kipimo cha hoja zangu kwa sababu mji huo, ulio umbali wa kilomita zipatazo 160 kutoka Nairobi, unatulazimisha kuuliza maswali ambayo Nairobi huyakwepa. Watu wake ni wa nchi mbili, na lugha zao ni nyingi. Zaidi ya hayo, Wamaasai walio wenyeji wa pande zote za mpaka walikuwa na sanaa za maonyesho zilizokamilika kabla ya mtu yeyote kuwajengea ukumbi.

Hebu kwanza tulitazame neno lenyewe. Katika nyumba ya Mswahili, ukumbi ni ile sehemu anapopokelewa mgeni kabla hajafika vyumba vya ndani. Baadaye neno hilo likapanuka likabeba maana ya chumba kikubwa cha mikutano, na hiyo ndiyo maana inayotawala leo. Lakini kamusi zetu zinaonyesha pia neno kumbi, yaani jando na mahali pake, pale vijana wanapotengwa, wanapofundishwa nyimbo na mafumbo, na wanapotoka wakiwa watu wengine. Sidai kwamba maneno haya mawili ni ya shina moja. Nasema tu kwamba wingi wa ukumbi unalingana kimatamshi na neno la jando, na kwamba mfanano huo, hata kama ni wa bahati, unatukumbusha jambo ambalo wasanifu majengo husahau: kuna mahali ambapo mtu hupokelewa akakaa akatazama, na kuna mahali ambapo mtu huingia akabadilishwa.

Tofauti hiyo inaonekana waziwazi kwa Wamaasai. Mwaka 2018 UNESCO iliziandika sherehe tatu za marika yao, enkipaata, eunoto na olng'esherr, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Katika eunoto, morani wanapopanda daraja, hujengwa emanyata maalumu na ndani yake nyumba ya ibada iitwayo osinkira. Mama huwanyoa wana wao nywele ndefu za ujana. Nyimbo huongozwa na olaranyani, na kundi humwitikia kwa mvumo wa koo unaoshika mahali pa ngoma. Sherehe ikiisha, kijiji kile kimemaliza kazi yake. Mwaka 2020 olng'esherr ilifanyika katika vilima vya Maparasha, humohumo Kajiado, na maelfu ya watu hawakuhitaji tiketi wala pazia. Mhakiki anayesema kwamba Kajiado haina thieta kwa kuwa haina jumba la thieta amekosea mpangilio wa mambo. Huko ni nyumba iliyojengwa kwa ajili ya onyesho, nayo ikaachwa onyesho lilipokwisha. Sisi tuna tatizo la kinyume: nyumba imebaki, na onyesho lake limekwisha kitambo.

Kumbi tulizorithi zilikujaje? Nyingi ni zao la siasa ya ustawi wa jamii ya serikali ya kikoloni, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, au zimejengwa baadaye kwa kuiga ramani ileile: chumba kirefu, madirisha pembeni, mlango nyuma, na jukwaa lililoinuliwa mwisho mmoja ili msemaji mmoja awatazame wasikilizaji wengi. Ni umbo la hotuba. Linamfaa ofisa anayeeleza faida za kuchimba vyoo. Hata hivyo historia haikulitii umbo hilo. Ukumbi wa Kaloleni jijini Nairobi, katika mtaa uliojengwa kwa Waafrika katika mwongo wa 1940, uligeuka kuwa mahali pa mikutano ya wapigania uhuru, hata wenyeji wakaupa jina la utani la bunge la Waingereza. Kwa hiyo kugeuza ukumbi si jambo jipya kwetu. Wananchi waligeuza kumbi zao bila mkandarasi na bila rangi mpya.

Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, lililofunguliwa Nairobi mnamo Novemba 1952, siku chache tu baada ya kutangazwa hali ya hatari, linatufunza upande wa pili. Hilo halikuwa limechakaa. Lilikuwa na taa, viti na vyumba vya kuvalia. Lakini mwaka 1976, tamthilia mbili zilizoandaliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC mjini Lagos, yaani The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, zilipewa siku chache tu katika jumba hilo, zikabanwa katikati ya maonyesho ya kigeni. Mwezi wa Februari 1982, kundi la Kamĩrĩĩthũ lililotaka kuonyesha Maitũ Njugĩra lilikuta milango imefungwa. Jumba hilo lilifanyiwa ukarabati mkubwa ulioisha mwaka 2015, nami sina neno na ukarabati huo. Viti ni vizuri. Ninachotaka kusisitiza ni kwamba katika mwaka 1976 na mwaka 1982 kasoro haikuwa ya viti.

Kwa hiyo hatuna budi kurudi Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ingawa kisa chake kimesimuliwa mara nyingi. Kimesimuliwa mno kama kisa cha mwandishi na dola, na kidogo sana kama kisa cha mahali. Pale palikuwa na kiwanja cha kituo cha vijana ambacho kilikuwa kama kimesahauliwa. Kazi ya kwanza haikuwa kujenga jukwaa. Ilikuwa madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika, yaliyoanza mwaka 1976. Kutokana na madarasa hayo ndipo likaja wazo la mchezo, ukaandikwa Ngaahika Ndeenda na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na Kimani Gecau akauongoza. Wakulima na wafanyakazi wakajenga wenyewe uwanja wa maonyesho usio na paa, wenye nafasi ya watazamaji zaidi ya elfu mbili. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wapita njia walisimama wakatazama, na wazee wakawasahihisha waandishi: msemo huu hausemwi hivi, mzee wa umri huu haongei kama kijana, wimbo huu uliimbwa namna nyingine. Tarehe 2 Oktoba 1977 mchezo ulipofunguliwa, watazamaji wengi walikuwa wameshaujua, na hilo halikuwapunguzia hamu hata kidogo.

Mambo yaliyofuata yanajulikana: leseni ikafutwa tarehe 16 Novemba 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo, na tarehe 12 Machi 1982 uwanja ukabomolewa. Ngũgĩ aliueleza uzoefu huo katika Decolonising the Mind mwaka 1986, na tangu alipofariki Mei 2025 tumesoma rambirambi nyingi zinazolitaja jina la Kamĩrĩĩthũ kwa heshima. Laiti baadhi ya heshima hiyo ingeelekezwa kwenye mazoezi! Nionavyo mimi, hatari iliyoonwa na wakubwa wa wakati ule haikuwa katika maneno ya mchezo tu. Mchezo wenye maneno makali uliweza kuchapishwa na kuuzwa madukani. Ilikuwa katika ile miezi ambayo watu wa kawaida walijiona kuwa ndio wenye lugha, na msomi wa Chuo Kikuu ndiye mwanafunzi. Wenzetu wa Dar es Salaam walifikia jambo kama hilo kwa njia tulivu zaidi kule Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, ambako Penina Mlama na wenzake waliwaachia wanakijiji wachague tatizo lao na walijadili kwa kutumia ngoma yao ya wigashe. Huko pia hapakuwa na ukumbi.

Mtu ataniuliza: je, unataka kusema kumbi zibomolewe? La hasha. Nasema kumbi zifuate watu. Nairobi ina mfano mmoja unaofaa kuchunguzwa. Sinema ya Shan, iliyoko Ngara, ilikuwa imezoewa kwa filamu za Kihindi. Biashara ya sinema ilipofifia, jumba hilo lilichukuliwa na Sarakasi, shirika lililoanzishwa mwaka 2001 kuwafunza wanasarakasi na wachezaji ngoma, likawa mahali pao pa mazoezi na maonyesho. Jumba la sinema si rafiki wa mwigizaji: sakafu yake huinama kuelekea kwenye kitambaa cha picha, na mbele ya kitambaa hicho hapana kina cha kutosha cha kutembelea. Lakini mwanasarakasi anahitaji kimo juu ya kichwa chake kuliko kina nyuma ya mgongo wake, na jumba la sinema lina kimo. Waliohamia walikuwa wanajua miili yao inataka nini, kwa kuwa kundi lilikuwapo kabla ya jumba. Nyumba ya GoDown, iliyofunguliwa mwaka 2003 katika bohari la eneo la viwanda Nairobi, ilianza vivyo hivyo, na wasanii waliokwisha kuwa na kazi mikononi wakitafuta pa kuifanyia. Na Zanzibar, mwaka 2002, chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilianza kufundisha taarabu katika Nyumba ya Forodha ya Kale, mjini ambamo walimu wa taarabu hawakuwa haba.

Ulaya nako kuna funzo, nami nitalitaja kwa kuwa nililipita mara nyingi wakati wa masomo yangu ya uzamili London. Katika mtaa wa Camden kuna jengo la mviringo, Roundhouse, lililojengwa mwaka 1847 kuwa banda la kugeuzia vichwa vya garimoshi, kisha likawa ghala la pombe kwa miaka mingi. Mwandishi wa tamthilia Arnold Wesker alitaka kuligeuza kuwa makao ya sanaa za wafanyakazi, kwa kufuata azimio nambari 42 la vyama vya wafanyakazi la mwaka 1960. Nia ilikuwa njema na umbo la jengo lilikuwa zuri ajabu, la duara kama uwanja wa ngoma. Lakini fedha hazikutosha, na wafanyakazi wenyewe hawakuwa wameliomba. Kufikia mwaka 1970 Wesker alilivunja shirika lake. Muziki wa vijana wa mjini ukalijaza jengo, ambalo lilifunguliwa upya mwaka 2006, safari hii likiwa na vyumba vya vijana kujifunzia chini ya sakafu. Ilichukua miaka arubaini kufika kwenye vyumba hivyo vya chini.

Sasa tuirudie Kajiado na tuseme habari za mabati. Ukumbi wa kawaida wa miji yetu umeezekwa mabati bila dari ya maana. Jua la adhuhuri huufanya tanuri. Mvua ikinyesha, hakuna mwigizaji wa Kiswahili aliyezaliwa awezaye kusikika. Mjadala wa wahusika wawili wenye siri hugeuka bubu. Sakafu ni bapa, hivyo mtoto aliyeketi safu ya tano haoni ila visogo. Kuta tupu za saruji hurudisha mwangwi, na lugha yetu, yenye silabi wazi zinazoishia kwa irabu, huumizwa sana na mwangwi: irabu za neno la kwanza huingiliana na za neno la pili, na viambishi vinavyobeba nafsi na wakati hupotea. Mtazamaji akikosa kusikia kama ni *ametoka* au *wametoka*, amekosa kisa. Ajabu ni kwamba kuitikiana kwa kundi, kwa mtindo wa olaranyani, hakuumizwi na mwangwi huo kwa kiasi hicho. Mvumo huunganika na ukuta. Kwa maneno mengine, ukumbi uleule unaoua tamthilia ya mazungumzo unaweza kuubeba wimbo. Basi mkandarasi asiambiwe tu aweke dari na zulia. Aulizwe kwanza ni sauti ya aina gani inayokusudiwa kuishi humo. Na jukwaa la mwisho wa chumba liachwe kwa watoa hotuba. Mabenchi yasiyofungiwa sakafuni yatawezesha watu kuketi duara usiku huu na safu usiku wa kesho.

Lipo pia suala la kodi ya siku. Ukumbi wa umma unapokodishwa kwa bei moja kwa kila mwenye haja, anayeshinda ni mwenye arusi, mwenye mkutano wa injili na mwenye semina. Hao hukodi siku moja au mbili. Kundi la maigizo huhitaji siku thelathini za mazoezi kwa ajili ya siku mbili za maonyesho, na zile thelathini hazina kiingilio. Kwa hiyo bei ya kukodi hukata mchezo kabla ya mkaguzi yeyote kuusoma. Wanaoponea chupuchupu ni yale makundi yanayozunguka shuleni kuigiza vitabu teule vya mtihani. Tusiyadharau. Kwa wanafunzi wengi wa Kenya, Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia au Kigogo ya Pauline Kea ndiyo tamthilia ya kwanza ya Kiswahili waliyoiona ikitembea kwa miguu yake, tena katika bwalo la chakula linalonuka maharagwe. Lakini mtihani ndio uliochagua mchezo, na ndio utakaouondoa.

Sheria nayo haijatoweka. Aprili 2025, katika tamasha la kitaifa la drama mjini Nakuru, wasichana wa Butere waliokuja na mchezo uitwao Echoes of War waliimba wimbo wa taifa wakashuka jukwaani bila kuigiza, na nje polisi wakatumia gesi ya kutoa machozi kuwatawanya watu. Mtu atakayeuendesha ukumbi wa jamii bila kujua nani ana mamlaka ya kuufunga usiku wa onyesho atakuwa amejenga nyumba kwenye kiwanja cha mwingine.

Namanga itasema kwa lugha gani? Hili ndilo swali la idara zetu hasa. Kitengela ya leo imejaa watu waliomwagika kutoka Nairobi, na vijana wake husema Sheng' kwa ufasaha wa kutisha. Namanga ni kingine. Upande wa kusini ni wilaya ya Longido, mkoa wa Arusha, na Kiswahili kinachovuka kutoka huko kina *shikamoo* na *naomba*. Kinachovuka kutoka kaskazini kina *niaje* na *nipe*. Mama Mmaasai anayeuza shanga hukijua cha kwanza, hukijua cha pili, na hujua ni kipi kitakachompatia bei nzuri. Hiyo tayari ni tamthilia. Mwaka 2018 serikali mbili zilifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, maofisa wa forodha na uhamiaji wa nchi zote mbili wakaketi chini ya paa moja. Kwa ng'ombe, malori na pasipoti, paa moja limewezekana. Kwa tamthilia bado tunafundisha fasihi ya Kenya upande huu na ya Tanzania upande ule.

Sishauri kwamba Kiswahili kiingie ukumbini humo kama bwana mpya mahali pa Kiingereza. Kimaasai kina haki ya kwanza katika nyimbo na masimulizi, na Naomi Kipury alikwisha kutuonyesha mwaka 1983, katika kitabu chake cha fasihi simulizi ya Wamaasai, utajiri unaopatikana humo. Nafasi ya Kiswahili ni katika majibizano, pale ambapo mgeni na mwenyeji wanapimana. Mchezo wa Namanga ulioandikwa kwa Kiswahili sanifu kitupu kutoka mwanzo hadi mwisho ungekuwa uongo, hata kama ungepata alama nzuri katika mtihani wetu. Muhando na Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho mwaka 1976, walisisitiza kuwa sanaa hizi ni pana kuliko tamthilia iliyoandikwa. Tumekuwa tukiwanukuu kwa miaka mingi huku tukitunga mitihani juu ya tamthilia zilizoandikwa.

Kama kaunti ingeniuliza, ningeomba mambo madogo. Funguo zikae kwa kamati yenye kina mama wa nyimbo na vijana wa maigizo, si kwa karani wa mapato peke yake. Siku mbili za juma ziwe za mazoezi bila malipo, milango ikiwa wazi, na mzee yeyote aruhusiwe kuingia akasahihisha methali. Chumba kimoja chenye kufuli kitengwe kwa ngoma, shuka na mavazi, maana makundi mengi hufa kwa kukosa pa kuweka vitu. Uwanja ulio nje ya ukumbi usiuzwe wala usijengwe vibanda, kwa sababu huko ndiko eunoto ingetaka kuchezewa kama ingewahi kukaribia mji. Wanafunzi wetu wa uzamili watumwe kukaa pale muhula mzima, si kukusanya misamiati, bali kuandika jinsi mchezo mmoja unavyobadilika lugha kutoka zoezi la kwanza hadi la mwisho. Kazi kama hiyo ni adimu mno kwenye rafu zetu. Na tangazo la mazoezi ya kwanza libandikwe pande zote mbili za mpaka, kwa Kimaasai na kwa Kiswahili, kabla mtu hajanunua ndoo moja ya rangi.